Adrien Atiman: mtoto aliyeuzwa, akawa munganga wa Ziwa Tanganyika

Ukisimama Mpala, upande wa Moba, na kutazama ng'ambo ya ziwa kule jua linakotokea, mbele yako kuna Karema, katika Tanzania. Ni hapo aliishi mtu ambaye jina lake wazee wengi wa pande zote mbili za ziwa walilijua: Adrien Atiman. Alitunza wagonjwa huko zaidi ya miaka 65. Hakuwa mtu wa ziwa. Hakuwa tajiri. Na alipoanza maisha, yeye mwenyewe alikuwa kitu cha kuuzwa sokoni.

Kutoka Niger mpaka Malta

Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 huko Tundurma, kijiji cha kando ya mto Niger, katika nchi inayoitwa leo Mali. Angali mtoto mdogo, Watuareg walimkamata, wakamvusha jangwa la Sahara, wakamuuza. Aliendelea kupita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kama vile mbuzi au mfuko wa chumvi, mpaka alipofika kusini mwa Algeria. Huko, katika miaka ya 1870, Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walimnunua ili kumkomboa. Tangu siku ile aliyokamatwa, kwao hakurudi tena.

Mkubwa wa Mapadri Weupe alikuwa Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Alger, ambaye baadaye akawa kardinali. Huyu alikuwa na shida moja kubwa. Mapadri aliokuwa anawatuma kwenye maziwa makubwa ya Afrika walikuwa wanakufa kwa homa, wengine hata kabla ya kufika. Akawaza hivi: kama vijana Waafrika waliokombolewa wangefundishwa kazi ya dawa, wangeweza kuishi na wenyeji, kula chakula chao, kuoa kwao, na kuwatibu bila kuonekana kama wageni. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua shule katika kisiwa cha Malta, na Atiman alikuwa mmoja wa vijana waliopelekwa huko.

Alisoma mpaka 1888. Ilikuwa ni wakati ambapo elimu ya magonjwa ilikuwa inabadilika haraka sana. Mwaka 1887, katika kisiwa kile kile, daktari mwanajeshi David Bruce aligundua kijidudu kinacholeta ile homa iliyoitwa homa ya Malta. Lakini mambo mingi yalikuwa bado gizani. Hakuna daktari duniani aliyekuwa anajua hakika kwamba mbu ndio wanaleta malaria; hilo lilionyeshwa na Ronald Ross mwaka 1897 tu. Ina maana Atiman alitoka shuleni akienda kupigana na malaria bila kujua inaingilia wapi.

Kuhama tena, safari hii kwa kazi

Mwaka 1888 alipanda meli kwenda Zanzibar, kisha akaingia bara na msafara. Hakukuwa na reli wala barabara ya gari. Watu walitembea kwa mguu miezi mingi, wapagazi wakibeba kila kitu kichwani: vitambaa, vyakula, masanduku ya dawa. Njia ile ya kutoka pwani hadi ziwani ndiyo njia ambayo watumwa walikuwa wanapitishwa wakiwa wamefungwa, wakielekea upande wa pili. Kijana aliyekuwa ameuzwa kaskazini sasa alikuwa anatembea kwenye barabara ya watumwa ya mashariki, lakini akiwa na mfuko wa munganga.

Karema ilikuwa ni ngome. Wabelgiji wa shirika la mfalme Leopold II waliijenga mwaka 1879, wakajenga na nyingine huku kwetu Mpala, na mwaka 1885 zote mbili zikaachiwa Mapadri Weupe. Hali haikuwa na usalama. Watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, walikuwa bado wanawinda watumwa kwenye kingo zote mbili. Upande wa Kongo, kapiteni Mfaransa Léopold Joubert alikuwa anawakinga watu waliokimbilia Mpala na Mrumbi. Joubert naye alioa mwanamke wa huku na hakurudi kwao. Alikufa 1927 akazikwa katika inchi ya Moba.

Katika mazingira hayo ndimo Atiman alianza kazi. Walioletwa kwake walikuwa watu wenye vidonda vya minyororo, wenye majeraha ya vita na ya wanyama, wenye ndui, wenye kuhara, wamama waliokuwa wanashindwa kuzaa. Mnamo miaka ya 1890 wakaja na funza, wale wadudu wa mguuni walioingia Afrika kupitia pwani ya Atlantiki na kuvuka Kongo yote mpaka ziwani. Baadaye ukafika ugonjwa wa malale, uliomaliza vijiji vizima vya kando ya Tanganyika. Ilikuwa ni yule yule Bruce wa Malta aliyeonyesha, akiwa Uganda, kwamba mbung'o ndio wanaubeba.

Dawa zilichelewa. Kile kilichoagizwa Ulaya kilifika baada ya miezi na miezi, na mara nyingine hakikufika. Reli ya kutoka Dar es Salaam iligusa Kigoma mwaka 1914 tu. Kwa sababu hiyo Atiman hakudharau miti na mizizi ya wenyeji. Alijifunza kwao kilichosaidia, akakitumia pamoja na kile alichosoma.

Mtu wa hapa

Kitu kilichombadilisha kutoka mgeni na kuwa mtu wa Karema kilikuwa ni ndoa. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa chifu wa Wabende. Kwa ndoa hiyo, mtoto aliyetolewa kwao kwa nguvu alipata tena wakwe, mashemeji, ukoo, na mahali pa kuzikwa. Mwana wao Joseph akawa padri mwaka 1923, miaka sita tu baada ya Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mukongomani wa nyakati hizi, kupewa upadri ng'ambo hii ya ziwa mwaka 1917.

Wakati huo serikali zilikuwa zinapita. Aliona machifu wakiwa na nguvu yao. Aliona Wajerumani wakiingia. Wakati wa Vita ya Kwanza aliona ziwa likiwa uwanja wa vita, mpaka Wajerumani wenyewe wakazamisha meli yao Graf von Götzen mwezi wa saba 1916, meli ambayo watu wa ziwa waliijua baadaye kwa jina la Liemba. Kisha akaona Waingereza wakitawala. Bendera zilibadilika, mistari ya wagonjwa haikubadilika. Asubuhi walikuwa hapo wakimngoja.

Je, hakuwa na njia nyingine? Mtu aliyesoma Ulaya, anayejua kuandika Kifaransa, katika nchi ambapo wenye kusoma walihesabika kwa vidole, angeweza kutafuta kazi ya serikali au ya biashara. Wengine kati ya wale waliopitia Malta hawakudumu katika kazi hiyo. Yeye alibaki mahali pamoja, kwa malipo madogo ya misioni, akilima na kuishi kama jirani zake. Na tusifiche: wakati ule wa ukoloni, Mwafrika hata akisoma namna gani, aliwekwa chini ya Mzungu kwa cheo na kwa mushahara. Atiman alifanya kazi ya munganga maisha yake yote bila kupata cheo cha wakubwa.

Lakini kuna kitu alichokipata ambacho hakikuwa franga. Mtu aliyepewa bei akiwa mtoto alijua vizuri maana ya kuhesabiwa kwa pesa. Karema, hakuna aliyeuliza alinunuliwa kwa kiasi gani. Waliuliza kama yupo, kama anaweza kuja, kama mtoto atapona. Watoto aliowatibu walikua, wakamletea watoto wao, na hao nao wakamletea wajukuu. Ni watu wachache duniani wanaoona matunda ya kazi yao yakitembea mbele ya mlango wao kila siku.

Mwisho wa safari

Alipozeeka, nishani zilianza kufika, za serikali na za Kanisa. Mwaka 1946 habari za maisha yake, kama alivyoziandika yeye mwenyewe, zilitokea katika gazeti la wataalamu la Tanganyika. Hakuacha Karema ili afuate sifa hizo. Alikufa huko mwezi wa nne 1956, akiwa na miaka karibu 90, miaka mitano kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Kijana aliyeanza kazi kabla dunia haijajua siri ya mbu alikufa wakati penisilini ilikuwa imekwisha kuwa dawa ya kawaida.

Habari yake inagusa wengi huku kwetu leo. Katika Tanganyika, katika Kivu, katika Maniema, kuna wauguzi na walimu ambao miezi inapita bila mushahara wa serikali, na asubuhi bado wanafungua mlango wa santé au wa darasa. Mtu asichukue maisha ya Atiman na kuwaambia hao wavumilie tu, wafanye bure. Atiman alikuwa na nyumba, alikuwa na shamba, na misioni ilimletea dawa hata kama zilichelewa. Bila hivyo, moyo wake mzuri haungefikisha hata mwaka mmoja. Anayefanya kazi anastahili kula.

Ila kuna swali lingine ambalo mushahara peke yake haulijibu: mtu atakapokuwa mzee, kazi yake itakuwa imeacha nini nyuma? Atiman hakuacha nyumba za kupangisha wala akaunti ya benki. Aliacha kingo za ziwa zenye watu ambao wangekuwa wamekufa, na ambao walikuwa hai. Kwa mtoto aliyevuka jangwa akiwa mali ya mwingine, hiyo ilikuwa ni njia ndefu ya kurudi kuwa mtu.