Ndoa ya Sayyida Salme na Maandishi Yake

Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, alizaliwa Bet il Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimfanya, mwaka 1859, kuwa mwandishi wa barua za nduguye Barghash alipokula njama za kumpindua Majid.

Mwaka 1866, akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake mjini, alitorokea Aden kwa manowari ya Kiingereza. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyohiyo. Mtoto wao wa kwanza hakuishi. Watatu wengine walizaliwa Hamburg, na mwaka 1870 Ruete alifariki kwa ajali ya gari la reli lililovutwa na farasi.

Wahakiki wamezoea kukisoma kitabu chake, Memoiren einer arabischen Prinzessin (1886), kama habari za jumba la Sultani. Swali zito zaidi ni kwa nini mume karibu haonekani humo. August Strindberg, aliyekuwa wakati huo katika ndoa yenye misukosuko na Siri von Essen, alitoa Fadren mwaka mmoja tu baadaye, na humo ugomvi wa mke na mume juu ya mtoto umetiwa jukwaani bila haya. Salme aliificha ndoa yake. Hata hivyo ndiyo iliyomwandikisha: kwayo alipoteza dini, ndugu na madai ya urithi, na wanawe, ambao awali aliwaandikia wao, hawakujua asili ya mama yao. Akilazimika kuandika Kijerumani mbele ya watu waliomwona kioja, aliitetea nyumba ya wanawake wa Kiarabu na, kwa bahati mbaya, hata utumwa. Hapo ndipo kitabu kinapopwaya.

Yaliyofichwa yamo katika Briefe nach der Heimat, barua zilizochapishwa muda mrefu baada ya kifo chake mwaka 1924. Humo mna baridi, upweke, kifo cha mume, na walezi waliowekwa juu ya watoto wa mjane. Aliyezipitia hashangai tena kwa nini sura za Bet il Mtoni zimejaa watoto, maji na kelele kiasi kile.