Benjamin Franklin na Daftari Lake la Makosa

Mwanachuo anaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha katika shule za Nyahanga na kwingineko wilayani Kahama, huyajua makosa yake: kuwapa watoto mgongo aandikapo ubaoni, kujibu swali alilouliza mwenyewe, kuwachagua daima walioketi mbele. Huazimia kuyaacha, na wiki ya pili huyarudia. Tumeona yafaa tueleze habari za mtu wa kale aliyeishika kazi ya kujirekebisha kama fundi ashikavyo chombo chake.

Benjamin Franklin alizaliwa Boston, Marekani, tarehe 17 Januari 1706, akiwa mtoto wa 15 wa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni. Alikaa shuleni miaka miwili tu. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alitiwa kwa kaka yake ajifunze kazi ya kupiga chapa. Alipofika miaka 17 alitoroka akaenda Philadelphia. Huko alipata kiwanda chake cha chapa, gazeti, na baadaye sifa ya mwanasayansi na mwanasiasa. Hayo yanajulikana, nasi hatutayakawilia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1730 aliazimia kuishi bila kosa. Punde aligundua kwamba azma peke yake haitoshi. Alipokuwa akijilinda na kosa moja, jingine lilimjia kwa nyuma, kwani mazoea hutenda kazi wakati mtu hayuko macho. Basi akatunga njia. Aliorodhesha fadhila 12, kila moja akaifafanua kwa maneno machache ili ajue hasa anachokitafuta. (Wanaohangaika kuandika madhumuni ya somo watatuelewa.) Rafiki mmoja alipomweleza kwa upole kwamba watu humwona ana majivuno, aliongeza ya 13, yaani unyenyekevu. Kisha akachora daftari dogo: kila fadhila ukurasa wake, safu 7 za siku za wiki, na mistari 13. Kila jioni alitia nukta nyeusi mahali pa kosa. Kwa wiki nzima alichunga fadhila moja kuliko zote, akianza na kiasi katika kula na kunywa, kwa maana kichwa chepesi husaidia yanayofuata. Mkulima naye hapalilii shamba zima kwa siku moja. Wiki 13 zilikamilisha mzunguko, na mwaka ulichukua mizunguko 4.

Alishangaa kuona nukta nyingi kuliko alivyodhani. Alifuta na kuandika tena hata karatasi zikatoboka, akahamia vibao vyembamba vya pembe za ndovu, ambavyo alivifuta kwa sifongo lenye maji. Kuweka kila kitu mahali pake kulimshinda hadi uzeeni, na majivuno, kwa kukiri kwake, aliyaficha zaidi kuliko kuyaua.

Lakini daftari la namna hii haliwezi kuandikwa kosa ambalo mwenye daftari halioni. Haki ilikuwamo katika zile fadhila 13, na Franklin alimiliki watumwa. Gazeti lake lilichapa matangazo ya kuuza watu. Mwaka 1751 aliandika kwamba karibu kila mtumwa ni mwizi kwa maumbile yake.

Kilichoanza kumgeuza kilikuwa darasa. Mwaka 1758 ilifunguliwa Philadelphia shule ya watoto weusi, ambayo mwenyewe alikuwa ameipendekeza. Desemba 1763 aliitembelea, akashuhudia watoto wakisoma na kujibu maswali. Alitoka akaandika barua, akikiri kwamba wepesi wao wa kuelewa na nguvu ya kumbukumbu zao ni sawa na za watoto weupe, na kwamba hana namna ya kuzitetea dhana zake zote za awali. Mwaka 1769 alipochapa upya maandishi yake ya 1751, alibadili maneno machache: sasa wizi ulitokana na hali ya utumwa, si maumbile ya mtu. Hata hivyo ilimchukua miaka mingi zaidi kutenda kama alivyoandika, nasi hatumtolei udhuru. Mwaka 1787 alikubali kuwa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania. Februari 1790 alitia sahihi ombi kwa Bunge la Marekani likomeshe utumwa. Alifariki tarehe 17 Aprili mwaka huohuo, akiwa na miaka 84.

Nasi tuna la kukiri. Katika shule moja tuliyofundisha alikuwapo mtoto aliyefika darasani miguu ikiwa na udongo wa machimbo. Tulimweka nyuma, wala hatukumwuliza kitu, tukidhani hesabu si zake. Siku tuliyomwuliza sehemu, kwa kukosa mwingine aliyenyosha mkono, alieleza bila kusita namna mifuko ya mawe igawanywavyo shimoni kati ya mwenye shimo na wachimbaji. Jumatatu iliyofuata tulianza kutia nukta kando ya jina la kila mtoto tunayemwuliza swali. Tulipolifungua daftari siku ya Ijumaa, majina ya safu mbili za nyuma hayakuwa na nukta hata moja.