Gilbert Walker: Mwanahisabati aliyeihesabia mvua ya Zanzibar ili kuokoa India na njaa

Mkazi wa Kiwalani akisikia redioni kwamba kuna El Niño, bahari inayozungumzwa siyo ile ya Feri wala Coco Beach. Ni Pasifiki, upande wa pili wa dunia. Sasa maji ya huko yakipata joto, mitaro ya Dar es Salaam inahusikaje?

Aliyeanza kuufungua mlango wa swali hilo ni Mwingereza mmoja aliyeitwa Gilbert Walker. Kumbe hata kazi ya hali ya hewa hakuisomea.

Kijana wa bumerangi

Walker alizaliwa Juni 14, 1868 mjini Rochdale, Uingereza. Baba yake alikuwa injinia. Mwaka 1889 aliongoza mtihani wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge, na hapo jina lake likaanza kuvuma.

Hakuwa mtu wa vitabu tu. Alipenda kurusha bumerangi, ile silaha ya wenyeji wa Australia inayorudi kwa aliyeirusha, na akaandika hesabu za namna inavyozunguka hewani. Wenzake wakambatiza jina la Bumerangi Walker.

Masomo yalimchosha hadi afya ikayumba, akaenda kupumzika Uswisi. Alipopata nafuu akarudi kufundisha Cambridge.

Mwaka ambao mvua haikuja

Wakati huo India ilikuwa chini ya Waingereza, na mamilioni ya wakulima walitegemea mvua za Juni hadi Septemba. Mvua hizo huletwa na upepo unaopita kwanza pwani ya Afrika Mashariki. Ni ndugu wa kusi, upepo ambao mabaharia wa majahazi wa Zanzibar, Lamu na Mombasa wanaujua tangu enzi.

Mwaka 1899 idara ya hali ya hewa ya India ilitabiri mvua nzuri. Haikunyesha. Sehemu za Rajputana, jirani na jangwa la Thar, zilikauka kabisa. Mifugo ilikufa, na watu wanaokadiriwa kuzidi milioni 1 walipoteza maisha kwa njaa na magonjwa.

Lawama zilikuwa nyingi. Mkuu wa idara, John Eliot, alipokaribia kustaafu alipendekeza aje mwanahisabati, siyo mtaalamu wa mawingu. Mwaka 1904 Walker akashika kazi hiyo.

Mvua ya Zanzibar kwenye hesabu

Walker hakuanza na nadharia. Alianza na madaftari. Alikusanya rekodi za mvua, joto na mgandamizo wa hewa kutoka vituo vya dunia nzima, kisha akauliza swali moja: kipi hutangulia mwaka mbaya India?

Hapakuwa na kompyuta. Makarani wa Kihindi walikaa wakijumlisha na kugawanya kwa mkono, safu baada ya safu, mwaka baada ya mwaka.

Kwenye kanuni yake ya mwanzo ya kutabiri mvua, vilibaki vipimo vinne: theluji ya milima ya Himalaya, mgandamizo wa hewa Amerika Kusini, mgandamizo wa hewa Mauritius, na mvua ya Zanzibar ya Aprili na Mei. Yaani masika ya Unguja ilikuwa inapimwa ili kujua kama mkulima wa India atavuna.

Pembea kubwa ya hewa

Katika kuhesabu huko akaona jambo ambalo hakutumwa kulitafuta. Mgandamizo wa hewa ukipanda Pasifiki, kwa kawaida hushuka upande wa Bahari ya Hindi. Ukishuka kule, hupanda huku. Ni kama watoto wawili kwenye pembea ya ubao: mmoja juu, mwingine chini.

Mwaka 1924 aliliandikia jambo hilo na kulipa jina lake la kitaalamu. Mwaka huohuo akapewa cheo cha Sir, akaondoka India na kwenda kufundisha London.

Tatizo ni kwamba hakuweza kueleza nini kinaisukuma pembea. Hakuwa na vipimo vya kutosha vya joto la bahari. Utabiri wake nao haukuwa wa uhakika miaka yote, na baadhi ya wataalamu waliona ni namba zilizokutana kwa bahati tu.

Walker alifariki Novemba 4, 1958 akiwa na miaka 90. Hata moja ya tanzia zake ilionyesha kwamba matumaini yake ya kuelewa hali ya hewa ya dunia hayakuelekea kutimia.

Jibu lilikuwa majini

Kumbe ushahidi ulikuwa umeshakusanywa. Mwaka 1957 na 1958 El Niño kubwa ilitokea wakati mataifa mengi yanashirikiana kupima bahari na anga. Mtaalamu wa Norway aliyehamia Marekani, Jacob Bjerknes, alizitumia takwimu hizo, na mwaka 1969 akaeleza kinachotokea.

Kwa kawaida maji ya moto ya Pasifiki hujazana upande wa Indonesia. Hewa hupanda hapo, mvua hunyesha. Maji ya moto yakihamia upande wa Peru, mahali pa hewa kupanda napo huhama, na pembea yote hugeuka. Bjerknes aliuita mzunguko huo kwa jina la Walker.

Ndiyo maana miaka ya El Niño mvua za India mara nyingi hupungua. Kwenye jangwa la Thar hali huwa mbaya zaidi: mvua ikichelewa hakuna wingu la kuzuia jua, na udongo hauna maji ya kukauka, hivyo karibu nguvu yote ya jua huishia kuchemsha ardhi na hewa. Mei 2016, El Niño kubwa ikiwa inaishia, mji wa Phalodi huko Rajasthan ulifikisha nyuzi joto 51. El Niño siyo sababu pekee ya joto kama hilo, ila ni mkono mmoja unaosukuma.

Huku kwetu

Afrika Mashariki mambo huenda kinyume: El Niño mara nyingi huongeza mvua za vuli. Mwaka 1997 hadi 1998 ilikuwa mafuriko. Mwishoni mwa 2023 pia, mwaka ambao Desemba 3 tope liliporomoka Katesh, Hanang na kuua watu wengi.

Lakini Pasifiki haifanyi kazi peke yake. Bahari ya Hindi nayo ina pembea yake ya joto, kati ya pwani yetu na Indonesia. Mwaka 2019 upande wetu ulipata joto na mvua ikawa kubwa bila El Niño kubwa. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kubwa sana, lakini vuli haikufikia ile ya 1997. Watu wakasema wataalamu wamedanganya.

Walker angewaelewa. Hesabu zake hazikusema mvua itanyesha lazima, zilisema uwezekano umepanda. Kwa mwenye nyumba bondeni Kiwalani, hiyo inatosha kuzibua mtaro na kuinua magodoro. Mvua isipokuja amepoteza siku moja ya kazi. Ikija bila yeye kujiandaa, anapoteza kila kitu ndani.