Bibi wa Rupia: Maisha ya Malkia Victoria

Kabla ya shilingi kuingia Kenya, fedha iliyotumika Nairobi ilikuwa rupia ya India, sarafu ya fedha iliyochorwa sura ya mwanamke. Mwenye sura hiyo, Victoria, alizaliwa London tarehe 24 Mei, 1819, akarithi kiti cha enzi cha Uingereza mwaka 1837 akiwa na miaka 18 tu.

Mwaka 1840 aliolewa na Albert, binamu yake Mjerumani, wakajaliwa watoto 9. Albert alipofariki mwaka 1861, Victoria alivaa nguo nyeusi za ujane, asizivue hadi kufa kwake. Ajabu ni kwamba sarafu hazikuufuata msiba huo. Rupia zilizotolewa tangu 1862 zilimwonyesha akiwa na taji na vazi lililotariziwa, na sura ile haikuzeeka kamwe. Kilichobadilika ni maandishi: alipotangazwa Kaisari wa India mwaka 1877, cheo cha malkia kiliondolewa, cha kaisari kikawekwa mahali pake.

Kwetu sisi wanafunzi wa lugha, lipo jambo la kuvutia zaidi. Mwaka 1887, akikaribia umri wa miaka 70, Kaisari huyu alianza kujifunza Kihindustani kwa Abdul Karim, mtumishi wake kutoka India, akawa anaandika mazoezi yake kwa hati ya Kiurdu. India kwenyewe hakufika. Wala Afrika.

Aliaga dunia tarehe 22 Januari, 1901, lakini rupia zake ziliendelea kupita mikononi mwa watu. Mwaka 1904 askari Wanubi wa jeshi la KAR waliruhusiwa kukaa katika msitu waliouita Kibra, ndio Kibera ya leo; mshahara wao ulikuwa rupia. Ng'ambo ya pili, pande za Kawangware na Dagoretti, Wakikuyu walidaiwa kodi ya nyumba kwa rupia hizo hizo, na asiyekuwa nazo alilazimika kwenda kuzitafuta katika shamba la mzungu. Basi sarafu moja ilikuwa ujira huku na deni kule.

Rupia iliondolewa mwaka 1920. Askari wale hawakupewa hati ya ardhi. Kati ya ekari zaidi ya 4,000 zilizotengwa Kibera mwaka 1918, wajukuu wao walikabidhiwa hati ya ekari 288, mwaka 2017.