Profesa Broglio na Mizani ya Mbinguni

Wiki jana nililala kwa mpwa wangu Kisumu Ndogo, pale Kibera. Stima ikapotea, tukatoka mlangoni, nikamwonyesha nyota juu ya mabati. Nikamweleza kwamba setilaiti ya kwanza ya kuchora ramani ya eksirei za mbinguni ilirushwa kutoka pwani yetu. Akacheka; alidhani mjomba wake anatunga shairi. Basi kwa ajili yake namkumbuka leo marehemu Luigi Broglio.

Alizaliwa Mestre, karibu na Venice, mwaka 1911, akawa jenerali wa jeshi la anga la Italia na profesa mjini Roma. Mwaka 1964 watu wake walirusha San Marco ya kwanza, lakini kutoka Marekani. Yeye aliitaka ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Akaja Ngomeni, kaskazini ya Malindi, akasimamisha majukwaa ya chuma baharini, na tarehe 26 Aprili 1967 San Marco ya pili ikapaa.

Kinachonipendeza mimi ni mizani yake. Setilaiti ilikuwa gamba lenye kiini ndani. Hewa nyepesi ya juu ililigusa gamba bila kukigusa kiini, na kwa tofauti hiyo ndogo mno Broglio akaipima hewa.

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu, jukwaa likarusha setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Ikazunguka polepole ikiikagua mbingu, ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipewa Nobel mwaka 2002. Broglio alikwisha fariki Januari 2001.

Sasa Ulaya inatengeneza LISA, vyombo 3 vitakavyoachana kwa kilomita milioni 2.5, kusikiliza mawimbi ya mvutano yanayotikisa anga lenyewe, na kuonyesha mvumo wake unatoka upande gani wa mbingu. Ndani yake vitaelea vipande vya dhahabu na platinamu, na gamba litavikinga visiguswe na chochote. Mimi naiona ni jamaa ya mizani ya Ngomeni, ingawa Broglio alikuwa akiutafuta mguso na hawa wanaukimbia.

LISA imepangiwa kurushwa kutoka Guiana, mwaka 2035 hivi. Ngomeni haijarusha setilaiti tangu Machi 1988, ingawa kituo kina jina la Broglio.

Mpwa wangu akaniuliza ile Uhuru iliwaachia nini watoto wa Ngomeni. Nilikuwa bado natafuta la kumjibu stima iliporudi.