Mtakatifu Benedikto na Watu Aliofanya Nao Kazi

Kila tarehe 11 Julai, Kanisa linapomkumbuka Mtakatifu Benedikto Abate, tumezoea kusikia habari za sala na ukimya wa wamonaki. Safari hii tungependa kumtazama kama mtu aliyeongoza kwa miaka mingi watu waliofanya kazi pamoja kutwa, wakala meza moja, wakachoshana na kukoseana, kama ilivyo katika ofisi, shule na karakana zetu.

Alizaliwa Nursia, Italia, yapata mwaka 480. Alipelekwa Roma kusoma, lakini mwenendo wa vijana wenzake ulimchukiza, naye akaacha masomo na hatimaye akajificha katika pango huko Subiaco. Alikaa humo miaka mitatu, akila mkate aliokuwa akiteremshiwa kwa kamba na mmonaki mmoja aitwaye Romano.

Papa Gregori Mkuu, aliyeandika maisha yake mwishoni mwa karne ya 6, anasimulia kwamba wamonaki wa monasteri moja ya jirani walifiwa na abate wao, wakamwomba Benedikto awe mkuu wao. Alikataa kwa muda mrefu, kwa kuwa aliona desturi zao na zake hazitapatana. Walipozidi kumsihi akakubali, na mambo yakaenda vibaya. Aliwakaza kufuata utaratibu. Wao wakajuta kumchagua, wakanung'unika wao kwa wao, na mwishowe wakamtilia sumu katika divai. Alipokifanyia chombo kile ishara ya msalaba, kikapasuka. Akawaombea msamaha kwa Mungu, akawaaga, akarudi upwekeni.

Simulizi hili huhubiriwa mara nyingi ili kuonyesha nguvu ya msalaba, na ni haki. Lakini tukilisoma polepole twaona pia mahali pa kazi palipoharibika: mkuu anaagiza, watu wanaitikia mbele yake na kusema mengine nyuma yake, wala hatusikii kwamba yeyote alimwendea kumweleza kuwa mzigo umewaelemea. Hatumtwiki Benedikto kosa lao. Aliyetia sumu ndiye mwenye dhambi. Twadhani tu kwamba jambo lile halikumtoka moyoni, kwa maana Kanuni aliyoiandika baadaye imejaa njia za kuyatoa manung'uniko gizani kabla hayajawa sumu.

Hata kabla ya Kanuni hiyo twamwona amebadilika. Wafuasi walimjia tena Subiaco, akaanzisha monasteri 12, kila moja ikiwa na wamonaki 12. Miongoni mwao alikuwamo Mgothi mmoja, mtu wa kabila ambalo Warumi wengi waliliona la kishenzi. Siku moja alikuwa akifyeka miiba ukingoni mwa ziwa, na kwa nguvu alizotumia chuma kikachomoka katika mpini kikazama majini. Akamkimbilia Mauro, msaidizi wa Benedikto, akatetemeka na kukiri hasara aliyoileta. Benedikto alipopashwa habari alikwenda mwenyewe ziwani, akautumbukiza mpini majini, na chuma kikapanda kikajishika tena mahali pake. Kisha akamrudishia yule mtu chombo chake, akimtaka aendelee na kazi wala asihuzunike. Muujiza ni wa Mungu. Lakini kule kumfuata mfanyakazi mwenye hofu mpaka penye kazi yake, hilo ni jambo ambalo mkubwa yeyote wa kazi aweza kulifanya leo.

Yapata mwaka 529 alihamia Monte Cassino, na huko ndiko ilikoandikwa Kanuni yenye sura 73. Ndani yake abate anaagizwa kwamba, likitokea jambo zito, awaite ndugu wote na kumsikiliza kila mmoja kabla ya kuamua, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Aliyepewa kazi inayomzidi nguvu aipokee, kisha amweleze mkubwa wake sababu kwa uvumilivu na kwa wakati ufaao, bila kiburi. Aliyevunja au kupoteza kitu aje mwenyewe mara moja kusema. Mtunza ghala, asipokuwa na kitu cha kumpa anayeomba, ampe walau neno jema. Hata mgeni mmonaki akiona kasoro na kuisema kwa unyenyekevu, abate afikiri kama Mungu hakumleta kwa ajili hiyo hasa.

Lingine litawafurahisha wazee wetu: Benedikto alikataza ndugu kuitana kwa jina tupu. Mkubwa amwite mdogo ndugu, na mdogo amwite mkubwa kwa jina la heshima lenye maana ya baba.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mlegevu. Manung'uniko aliyakemea karibu kila alipopata nafasi, na baadhi ya adhabu za Kanuni, ikiwemo viboko, hatungezitamani leo. Hata hivyo alitaka mkosaji aonywe kwanza faraghani, mara ya kwanza na ya pili, kabla ya kukemewa mbele ya wote. Ni wangapi kati yetu tulioaibishwa katika mkutano wa kazi kwa kosa ambalo hatukuwahi kuambiwa?

Wana wake walifika pwani yetu mwaka 1888, wakaanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Wengi wa wasomaji wetu wa kusini wana baba au babu aliyejifunza useremala, uashi au uchapaji katika karakana zao.

Mapokeo yasema Benedikto alifariki tarehe 21 Machi mwaka 547. Alipoona saa yake imefika aliomba apelekwe katika chumba cha sala, akapokea Mwili na Damu ya Bwana. Miguu ilikuwa imekwisha nguvu. Akasali akiwa amesimama, mikono ameiinua juu, huku ndugu zake wakimshikilia asianguke, mpaka pumzi ikamtoka.