Al-Khwarizmi: Jina la mtu lililoingia ndani ya kompyuta

KILA kijana hapa Rohero anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta hukutana mapema na neno algoriti. Maana yake ni utaratibu wa hatua zinazofuatana, moja baada ya nyingine, hadi jibu lipatikane. Wanafunzi wangu wengi hudhani kuwa neno hilo ni la Kimarekani na kwamba lilizaliwa pamoja na mashine yenyewe. Ukweli ni kwamba hilo ni jina la mtu. Mtu huyo alifariki karibu miaka 1,200 iliyopita, akaacha kitabu ambacho anwani yake msomaji wa Kiswahili anaweza kuielewa kwa sehemu kubwa bila mkalimani.

Mtu huyo ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi.

Ninayo sababu ya kusimulia maisha yake. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Wazazi wangu walikimbilia Tanzania, na mimi nikasomea huko katika makazi ya wakimbizi, ambako hesabu za shule ya msingi tulifundishwa kwa Kiswahili. Niliporejea Burundi, ofisi moja niliyokwenda kuomba kazi ilinieleza kuwa hesabu za Kiswahili ni za sokoni, na kwamba asiyezijua tarakimu kwa Kifaransa hawezi kusimama mbele ya darasa. Kifaransa nilijifunza na kazi nikapata kwingine. Lakini wapo watoto wengi wa waliohunguka, na wengine wa Buyenzi wasiokwenda ukimbizini kamwe, ambao hadi leo wanaamini kuwa kompyuta si yao kwa sababu ya lugha wanayoota nayo usiku.

Al-Khwarizmi alizaliwa yapata mwaka 780. Jina lake linatuelekeza Khwarazm, nchi ya kale iliyokuwa kusini mwa bahari ya Aral, ambayo leo imo sehemu katika Uzbekistan na sehemu katika Turkmenistan. Watu wa huko walikuwa na lugha yao, ya jamii moja na Kiajemi. Hata hivyo, kazi yake aliifanyia Baghdad, na vitabu vyake aliviandika kwa Kiarabu, lugha ya dola na ya elimu ya zama zile. Sisi tuliosoma ugenini jambo hilo halitushangazi. Mtu anaweza kupata elimu katika lugha isiyo ya babu zake, na elimu hiyo ikawa yake kabisa.

Baghdad ya wakati huo ilikuwa mji mpya, ulioanza kujengwa mwaka 762. Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833, aliwapenda wanazuoni na kuwakusanya katika taasisi iliyojulikana kama Nyumba ya Hekima. Vitabu vya Wagiriki, Waajemi na Wahindi vilikuwa vikitafsiriwa mjini humo kwa Kiarabu, na al-Khwarizmi alikuwa mmoja wa waliochota elimu hiyo na kuiongeza.

Aliandika majedwali ya mwendo wa jua, mwezi na sayari akifuata elimu ya Wahindi. Aliandika pia kitabu cha jiografia chenye orodha ya mahali 2,402, kila pahali pakitajwa kwa vipimo vyake vya longitudo na latitudo, na humo akarekebisha makosa ya Ptolemy, bingwa wa Kigiriki aliyekuwa akitegemewa na wote. Aliandika vilevile juu ya tarakimu za Wahindi, zile tisa pamoja na alama ya pahali patupu, yaani sifuri.

Lakini kitabu kilichompa jina zaidi alikiandika yapata mwaka 820, naye akaeleza kuwa khalifa mwenyewe ndiye aliyemtia moyo. Hakukiandika kwa ajili ya mabingwa. Alitaka kuwasaidia watu katika mirathi na wasia, katika kugawana mali, katika kesi na biashara, katika kupima ardhi na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni maswali ya mirathi. Mrundi yeyote anayejua jinsi shamba moja linavyoweza kugombanisha ndugu wa tumbo moja ataona mara moja kwamba kazi hiyo haikuwa mchezo wa wasomi.

Sasa tazama, ndugu msomaji, namna alivyoandika. Katika kitabu chote hakuna herufi za x na y tunazowaandikia watoto ubaoni. Kila kitu kimeelezwa kwa maneno. Swali lake mashuhuri linahusu idadi ambayo mraba wake, ukijumlishwa na mara kumi ya idadi yenyewe, unatoa 39. Anamwongoza msomaji hatua kwa hatua. Chukua ile kumi, igawanye nusu, upate 5. Zidisha 5 kwa 5, upate 25. Jumlisha na 39, upate 64. Tafuta kipeuo chake cha pili, ambacho ni 8. Toa ile 5, ibaki 3. Hilo ndilo jibu, kwani mraba wa 3 ni 9, na 9 na 30 ni 39. Kisha anachora mraba na kuonyesha kwa macho ni kwa nini njia hiyo haikosei.

Hiyo ndiyo algoriti. Ukimpa mtu asiyejua aljebra hatua hizo akazifuata, atafika. Ukiipa mashine, nayo itafika. Anayeandika programu leo anafanya kazi ileile ya kupanga hatua zisizo na utata, na yule mtu wa Baghdad aliifanya kwa lugha ya kawaida, kalamu na wino.

Nilisema kuwa anwani ya kitabu hicho tunaweza kuielewa. Ndani yake mna neno kitabu. Mna muhtasari. Mna hesabu. Mna neno lililotupa mkabala, maana yake hapo ni kuweka vitu vya upande huu na vya upande ule vikitazamana na kuvipunguza kwa usawa. Linalobaki ni al-jabr, kurudisha kilichopungua mahali pake. Waarabu walilitumia neno hilo hata kwa kuunga mfupa uliovunjika. Kutoka hapo ndipo dunia ilipopata neno aljebra.

Al-Khwarizmi alifariki yapata mwaka 850. Maandishi yake yaliendelea na safari bila yeye. Katika karne ya 12 wafasiri walikuwa Hispania wakihamisha elimu ya Waarabu kwenda Kilatini. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikitafsiri kitabu cha aljebra katika mji wa Segovia. Kile cha tarakimu nacho kilitafsiriwa karne hiyohiyo, na leo tunakijua kwa Kilatini tu, kwa kuwa nakala ya Kiarabu imepotea. Katika tafsiri hizo jina la mwandishi lilitamkwa Algoritmi. Baada ya muda watu wakasahau kuwa ni mtu, wakaliita hivyo lile somo lenyewe la kukokotoa.

Ulaya haikuzipokea tarakimu hizo kwa mikono miwili. Mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuzitumia katika madaftari ya hesabu. Waliamini hesabu halali ni ile iliyoandikwa kwa namna waliyoizoea. Marufuku hiyo haikudumu, kwa sababu njia ile ilikuwa bora. Na maneno ya Kifaransa chiffre na zéro, ambayo mtoto wetu huambiwa ayajue kwanza ndipo ahesabiwe kuwa msomi, yote mawili yametokana na neno la Kiarabu sifr, lilelile lililotupa sisi sifuri.

Mwaka 1979 mabingwa wa kompyuta kutoka nchi mbalimbali, akiwamo Donald Knuth wa Marekani, walifanya mkutano katika mji wa Urgench, katika nchi ya Khwarazm. Walichagua kukutana huko kwa heshima ya mtu aliyewapa jina la kazi yao.

Siwadanganyi wanafunzi wangu kwamba lugha haina kazi. Maneno ya amri katika lugha nyingi za programu ni ya Kiingereza, na lazima wayajue. Lakini si mengi. Lugha ya Python, kwa mfano, ina maneno maalumu 35 tu, idadi ambayo mtoto wa darasa la nne huimaliza kwa juma moja. Kigumu ni kupanga hatua, na hatua hupangwa kichwani, kwa lugha ambayo kichwa kimeizoea. Tangu mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, hakuna tena sababu ya kusema kuwa lugha yetu na kompyuta haziwezi kukaa meza moja.

Kwa anayetaka kusoma zaidi, kitabu cha al-Khwarizmi kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Frederic Rosen na kuchapishwa London mwaka 1831, na tafsiri hiyo inapatikana bure kwenye intaneti. Walimu wenzangu nawashauri waanze na lile swali la 39. Wawape watoto karatasi, waandike hatua zote kwa Kirundi au kwa Kiswahili, wampe jirani azifuate bila kuuliza neno. Jirani akifika kwenye 3, mtoto huyo yuko tayari kukaa mbele ya kompyuta.